Kadi ya Kumbukumbu Inapogoma: Namna ya Kuokoa na Kuhifadhi Picha za Kidijiti

SHUMBA, PEMBA

Katika Shumba, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, kama ilivyo katika vijiji vingine vya visiwa hivi, kamera ya kidijiti na simu ya mkononi zimechukua nafasi ya filamu. Ndoa, maulidi, mahafali ya skuli, uanikaji wa karafuu, mavuno ya mwani na mikutano ya shehia, yote hayo huhifadhiwa kwanza katika kadi ndogo ya plastiki. Kadi ya kamera haizidi ukubwa wa stempu ya barua, na ile ya simu hulingana na ukucha wa kidole.

Kadi hiyo, ambayo wengi huiita memori, hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Kadi ya gigabaiti 32, iwapo kila picha ina megabaiti 10, hupokea takriban picha 3,000. Kwa hiyo inapogoma, kinachokuwa hatarini ni shughuli nzima isiyoweza kurejewa. Harusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya picha, na mzee aliyepigwa picha siku hiyo huenda leo hayupo tena duniani.

Makala haya yanaeleza sababu za kadi kugoma, hatua za kuchukua, na njia za kujikinga. Jambo la msingi la kushika ni hili: mara nyingi picha huwa bado zimo ndani ya kadi pale kamera inapodai kuwa hazimo. Kinachozipoteza kabisa, mara nyingi, ni pupa ya mwenye kadi baada ya tatizo kutokea.

KADI INAVYOFANYA KAZI

Kumbukumbu inayotumika ndani ya kadi hizi ilibuniwa Japani katika miaka ya 1980 na mhandisi Fujio Masuoka, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Toshiba. Sifa yake kuu ni kwamba hutunza data hata umeme unapokatwa. Mwaka 1994 kampuni ya SanDisk ilitoa kadi za aina ya CompactFlash, na mwaka 1999 SanDisk, Toshiba na Matsushita, ambayo sasa inaitwa Panasonic, zikatangaza kadi ya SD, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi hivi sasa. Kadi ndogo ya simu, microSD, ni ya ukoo huo huo.

Ndani ya kadi, picha huhifadhiwa kama chaji za umeme katika seli ndogo mno. Seli hizo huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa upya, na idadi ya mizunguko zinayoweza kustahimili ina kikomo. Kadi pia ina saketi ndogo inayosimamia seli, kugawa kazi ili zisichakae upande mmoja, na kuwasiliana na kamera. Saketi hiyo ikiungua, kadi huwa kama nyumba iliyopotea ufunguo: vyombo vyote vimo ndani, lakini mlango haufunguki.

Mbali na picha zenyewe, kadi ina orodha inayoonesha kila picha iko wapi. Orodha hii inafanana na daftari la sheha. Daftari hutaja nyumba zilizopo katika shehia na wanaoishi ndani yake. Jina likifutwa katika daftari, nyumba haibomoki. Inabaki pale pale, ila mgeni anayetegemea daftari hataiona. Ndivyo inavyokuwa picha inapofutwa au kadi inapofomatiwa kwa njia ya kawaida. Kinachofutwa kwanza ni daftari. Nyumba hubomolewa pale tu kiwanja chake kinapogawiwa mtu mwingine, yaani picha mpya inapoandikwa juu ya ile ya zamani.

Ni kwa sababu hiyo mwenye kadi yenye tatizo anatakiwa asipige hata picha moja zaidi.

DALILI NA MAANA ZAKE

Si kila kadi inayogoma ina ugonjwa mmoja. Kabla ya kuchukua hatua yoyote, ni vyema kutambua dalili.

Kwanza, kamera au kompyuta inadai kadi ifomatiwe. Mara nyingi hii ina maana kuwa daftari la kadi limeharibika, kwa mfano kwa sababu betri ilizima wakati picha inaandikwa, au kadi ilichomolewa kabla taa ya kamera haijazimika. Picha zenyewe kwa kawaida huwa salama. Jibu la ombi hilo la mashine liwe hapana.

Pili, folda zimegeuka kuwa njia za mkato au kadi inaonekana tupu ilhali nafasi yake imejaa. Hali hii hutokea sana kadi inapochomekwa katika kompyuta za pamoja za vibanda na ofisi, na chanzo chake ni virusi vinavyoficha folda halisi. Picha zimo, kinachohitajika ni kompyuta iliyo safi, programu ya kuondoa virusi, na kuamuru kompyuta ioneshe mafaili yaliyofichwa.

Tatu, picha inafunguka nusu na sehemu iliyobaki ni ya kijivu au rangi zake zimekatika. Huenda seli kadhaa zimechakaa, au data nyingine imeshaandikwa juu yake. Hata hivyo, wakati mwingine kosa si la kadi bali la kisoma kadi au waya uliotumika kunakili. Inafaa kunakili tena kwa kifaa kingine kabla ya kukata tamaa.

Nne, kadi inasema imezuiwa kuandikwa. Kadi kubwa ya SD ina kifungio kidogo ubavuni ambacho husogea bila mtu kukusudia. Kukirudisha mahali pake kunatosha. Kama kifungio hakina kosa, huenda saketi ya kadi imejifunga yenyewe baada ya seli kuchoka. Kadi ya namna hiyo bado inasomeka: mwenyewe anatakiwa kunakili kila kitu mara moja na kuacha kuitumia.

Tano, kadi mpya haisomeki katika kamera au kisoma kadi cha zamani. Kadi za SD za mwanzo zilikuwa na ukomo wa gigabaiti 2. Zikafuatiwa na SDHC zenye ukomo wa gigabaiti 32, kisha SDXC zinazofika terabaiti 2. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya kizazi fulani cha kadi hakikielewi kizazi hicho, na hutangaza kuwa kadi ni mbovu ilhali ni nzima.

Sita, kadi haionekani kabisa katika kifaa chochote, au inapata moto inapochomekwa. Hapa tatizo ni la saketi au la vituo vya shaba. Kadi inayopata moto ichomolewe bila kuchelewa.

HATUA ZA MWANZO

Mara tatizo linapojitokeza, hatua zifuatazo zinashauriwa kwa mpangilio huu.

Zima kamera au simu, kisha chomoa kadi. Kama ni kadi ya SD, sogeza kifungio chake upande wa kuzuia kuandika. Iweke katika kasha lake na iandike alama ili mtu mwingine asije akaitumia kwa kutojua.

Angalia vituo vya shaba. Katika vijiji vya pwani, chumvi ya upepo wa bahari, jasho na vumbi hutosha kuzuia mawasiliano kati ya kadi na kifaa. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Uchafu ukiwa mkaidi, tumia kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, kisha acha kadi ikauke kabisa.

Jaribu kisoma kadi kingine, tundu jingine la kompyuta na, kwa kadi ya simu, adapta nyingine. Adapta za bei ndogo huharibika mapema kuliko kadi zenyewe.

Kadi iliyotumbukia baharini isichomekwe ikiwa imelowa. Haina betri ndani yake, hivyo kulowa peke yake si lazima kuiue. Kinachoila ni chumvi iliyobaki pamoja na umeme unaopitishwa kabla haijakauka. Isuuzwe kwa maji baridi safi, ikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, na isiwekwe juu ya jiko wala juani.

Usiruhusu kompyuta irekebishe kadi kabla ya kupata nakala. Programu za ukarabati zilizomo katika kompyuta hulenga kuifanya kadi itumike tena. Katika kazi hiyo zinaweza kukata mafaili au kuyabadilisha majina, na hivyo kupunguza uwezekano wa kuokoa picha.

KUREJESHA PICHA

Iwapo kompyuta bado inaitambua kadi, hata kama haioneshi picha, upo uwezekano mzuri wa kuzipata. Utaratibu ulio salama una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kunakili kadi nzima kama ilivyo, seli kwa seli, na kuwa faili moja kubwa ndani ya kompyuta. Kazi zote za urejeshaji hufanyika juu ya nakala hiyo, na kadi yenyewe huwekwa kando. Kwa kadi iliyochoka jambo hili ni la lazima, kwa kuwa kila usomaji unaweza kuwa wa mwisho. Programu ya ddrescue, inayotolewa bila malipo, huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kurudia zile ngumu baadaye.

Sehemu ya pili ni kutafuta picha ndani ya nakala. Programu ya PhotoRec, ambayo pia ni ya bure, iliandikwa na Mfaransa Christophe Grenier kwa ajili ya kazi hiyo. Haitegemei daftari lililoharibika. Hupita kiwanja hadi kiwanja ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Kasoro yake ni kwamba picha hurudi bila majina yake ya awali, hivyo kazi ya kuzipanga upya hubaki kwa mwenyewe. Vilevile, video ndefu hurejeshwa kwa shida zaidi kuliko picha, kwa sababu vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika katika kadi.

Kanuni moja haina ubaguzi: picha zinazorejeshwa zihifadhiwe katika kompyuta au diski nyingine, kamwe zisirudishwe katika kadi inayookolewa.

Kwa watumiaji wa simu, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Tangu toleo la Android 6.0 la mwaka 2015, baadhi ya simu humruhusu mtumiaji kuiunganisha kadi na hifadhi ya ndani. Kadi ya namna hiyo hufungwa kwa siri na husomwa na simu hiyo moja tu. Simu ikifa au ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, picha za kadi hazisomeki tena. Aidha, picha zilizofutwa kutoka hifadhi ya ndani ya simu za sasa ni vigumu mno kurejeshwa, tofauti na zile za kadi ya kawaida. Kimbilio la kwanza liwe sehemu ya picha zilizotupwa ndani ya programu ya picha, ambako hukaa kwa muda kabla ya kuondolewa moja kwa moja.

Kadi isiyotambuliwa na kifaa chochote haiwezi kuokolewa kwa programu yoyote ile. Hiyo ni kazi ya maabara yenye vifaa vya kusoma seli bila kupitia saketi ya kadi. Gharama yake ni kubwa na mafanikio hayana hakika. Mwananchi ajihadhari na mtu anayedai malipo yote mapema kwa ahadi ya kurejesha kila kitu.

STARA NA SIRI ZA WENYE PICHA

Katika jamii yetu suala hili lina uzito wa pekee. Picha nyingi za harusi hupigwa katika kusanyiko la wanawake peke yao, kwa makubaliano kuwa hazitatoka nje ya familia. Kadi inapopelekwa kwa fundi, fundi huyo huona kila kilichomo, pamoja na picha ambazo mwenyewe alidhani amezifuta.

Kwa hiyo, inashauriwa kadi ipelekwe na mtu wa familia anayeaminika, kazi ifanyike mbele yake inapowezekana, na picha ziwekwe katika diski aliyokuja nayo. Kwa picha za wanawake, ni vyema kumtafuta fundi mwanamke, au kijana wa kike wa familia anayeimudu kompyuta aelekezwe kufanya kazi hiyo nyumbani. Kazi ikimalizika, nakala zilizobaki katika kompyuta ya fundi zifutwe mwenye kadi akishuhudia.

Kanuni ya daftari inahusu pia uuzaji wa kadi na simu zilizotumika. Kufuta picha kabla ya kuuza hakutoshi, kwa kuwa mnunuzi anaweza kuzirejesha. Kadi iliyowahi kubeba picha za faragha ni salama zaidi kuivunja kuliko kuiuza.

KADI BANDIA

Sehemu ya hasara zinazodhaniwa kuwa ni za kadi kuharibika hutokana na kadi ambazo hazikuwa halali tangu mwanzo. Kadi huandikwa gigabaiti 512 ilhali uwezo wake halisi ni gigabaiti 16, na saketi yake imepotoshwa ili iidanganye kamera. Picha za mwanzo huhifadhiwa vizuri. Uwezo wa kweli ukishajaa, zinazofuata hupotea au huziharibu zile za kwanza. Mpigapicha hagundui hadi shughuli imekwisha.

Bei iliyo chini mno kuliko kawaida ni ishara ya kwanza. Njia ya uhakika ni kuipima kadi siku ile ile inaponunuliwa, kabla ya kuitumia katika kazi yoyote. Programu za H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa kompyuta za Linux na Mac, huijaza kadi kwa data ya majaribio na kuisoma tena. Kadi ikishindwa kurudisha ilichopewa, irudishwe dukani pamoja na risiti.

KADI NI DAU, SI GHALA

Njia bora ya kukabiliana na kadi inayogoma ni kuhakikisha kuwa siku itakapogoma haina kitu ambacho hakipo mahali pengine. Kadi ya kumbukumbu ni dau la kuvushia picha kutoka katika kamera hadi mahali pa kuhifadhiwa. Mzigo ukishafika bandarini hushushwa. Hauachwi ndani ya dau msimu mzima.

Wapigapicha wengi duniani hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake ikiwa mbali na nyingine. Kwa mkaazi wa Shumba hilo linawezekana bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza iwe katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu aliye Wete, Chake Chake au Unguja, au katika hifadhi ya intaneti. Ikumbukwe kuwa Google, kuanzia Juni 1, 2021, iliondoa nafasi ya picha isiyo na kikomo, na nafasi ya bure ni gigabaiti 15 zinazojumuisha pia barua pepe. Kutuma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida si kuzihifadhi, kwa sababu hupunguzwa ubora. Zitumwe kama nyaraka.

Taratibu nyingine za kinga ni hizi. Picha zinakiliwe siku ile ile zilipopigwa, na zifunguliwe kuhakikisha zinasomeka kabla kadi haijafutwa. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera inayotumika, si katika kompyuta. Kadi isijazwe hadi mwisho. Kupiga picha kusitishwe betri inapokaribia kuisha. Kadi isichomolewe taa ya kamera ikiwaka. Kwa shughuli kubwa, kadi mbili za gigabaiti 32 zina usalama zaidi kuliko moja ya gigabaiti 64, na kamera yenye nafasi mbili za kadi ipangwe kuandika picha kote kuwili. Kadi iliyowahi kugoma, hata kama imepona, isipewe tena kazi ya harusi ya mtu.

KUMBUKUMBU YA UMMA

Visiwa vya Zanzibar vina historia ndefu ya upigaji picha. Duka la Capital Art Studio la Mji Mkongwe lilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za mitaa, watu na matukio ya visiwa hivi zinatazamwa hadi leo. Filamu iliyokwaruzika huonesha bado uso wa mtu. Kadi haina subira hiyo: daftari lake likiharibika, haioneshi chochote, na chaji za seli zake hufifia taratibu kadiri miaka inavyopita. Kwa sababu hiyo haifai kuwa hifadhi ya kudumu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Disemba 25, 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Tangu siku hiyo, kila picha ya jengo hilo iliyopigwa kabla yake imekuwa ushahidi wa namna lilivyokuwa. Aliyepiga picha hizo huenda alidhani anapiga mandhari ya kawaida. Vivyo hivyo, picha ya leo ya fukwe, skuli, kisima au barabara ya Shumba inaweza kuhitajika kesho na mhandisi, mwalimu au mtafiti.

Maofisa wa habari, walimu, masheha, kamati za shehia na wapigapicha binafsi wanahimizwa kuweka siku maalumu katika kila mwezi ya kushusha picha zote kutoka katika kadi na simu, kuziandikia tarehe, mahali na majina ya waliomo, na kuzigawa katika hifadhi zaidi ya moja. Kwa yule ambaye kadi yake imegoma leo, hatua ya kwanza haihitaji fundi wala fedha: aichomoe, aiweke kando, na asiandike kitu juu yake hadi atakapopata msaada unaofaa.